Kijani Nyuma ya Masikio

Koplo alilala chali sakafuni, juu ya kitambaa cha meza cha kijani walichoazima kantini, akasema kwamba mtu yeyote akiingia ofisini saa hiyo, yeye kesho anaomba uhamisho.

"Funga mdomo, unanitikisia picha," alisema Inspekta.

Alikuwa amesimama juu ya meza yake, miguu peku, simu ameielekeza chini kwenye uso wa Koplo. Walimwita Pasi, na jina hilo alipewa na watuhumiwa, si na wenzake. Walisema mama huyu hapigi wala hafoki. Anakulalia tu na joto lake mpaka mikunjo yako yote iishe.

Lilikuwa jaribio la tatu. Kwanza kitambaa kilitundikwa kwenye kabati na Koplo akakaa kwenye kiti, mgongo karibu ugusane nacho. Kisha kiti kikasogezwa hadi mlangoni. Sasa amelazwa. Taa ilikuwa ileile ya mezani na uso uleule, ambao Inspekta alisema bila kumung'unya maneno kwamba hauna upande wa afadhali.

Yote hayo yaliletwa na video fupi iliyoingia kwenye simu ya mwanamke mmoja, kitindamimba wa mjane ambaye wateja wake wa zamani walimwita Mama Cherehani. Mama huyo alikuwa akiishi na binti yake mkubwa na mkwewe. Mdogo alikuwa na kawaida ya kumtembelea kila mwisho wa wiki. Ghafla simu ya mama ikawa haipokelewi, halafu ikaja video: Mama Cherehani ameketi barazani kwenye hoteli, nyuma yake vilima na ziwa, anasema, "Mwanangu, niko salama. Kelele za mjini zimenichosha, nimekuja kupumzika. Nyumba nimemwachia dada yako. Usihangaike kuja."

Kituoni hakuna aliyelitaka faili hilo. Mtu mzima kwenda kupumzika si kosa, na ndugu kugombea nyumba ni habari ya kila siku. Lakini kitindamimba alikataa kuondoka kaunta.

"Mama yangu hawezi kuongea mikono ikiwa imetulia," alimwambia Inspekta. "Hata msibani anakunjakunja leso. Hapa mikono iko wapi? Nimemwandikia, nimemwambia, Mama, nionyeshe mikono yako. Hajajibu. Afande, nitafutieni mama yangu. Akiwa hai nipeni, akiwa maiti nipeni."

Wakaanza na hoteli, na hoteli ikawala siku nzima. Koplo aliitambua kwa nguzo zake, akasafiri mpaka huko, akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Meneja alikuwa amemcheka. Baraza lile lilibomolewa zamani, sasa hapo panaoshwa magari. Picha yake ndiyo inayouzwa mpaka leo kwenye maduka ya fremu, mtu yeyote anaweza kuinunua na kuitundika sebuleni.

Basi Mama Cherehani hakuwahi kufika kule. Mtu alimpiga picha mbele ya kitambaa cha kijani, akaondoa kijani kwa kompyuta na kuweka vilima. Na mkwe wake alikuwa na studio chumbani kwake, akirekodi matangazo ya maduka na salamu za harusi. Mtaani walimwita Direkta, na yeye alilichukua jina hilo bila utani wowote.

"Bado si kosa, Afande," alisema Koplo kutoka sakafuni. "Huenda mama mwenyewe alitaka kudanganya. Wazee nao wana vituko vyao. Anataka kujificha, mkwe anamsaidia."

"Ndiyo maana umelala hapo. Inuka uone."

Akaziweka picha tatu kando kwa kando. Katika ya kwanza, mwanga ulikuwa umegonga kitambaa ukarudi mgongoni, na kijani kimerukia mabegani na kwenye kingo za masikio ya Koplo. Katika ya pili, aliposogea mbali, kijani kilikuwa karibu kimekwisha. Katika ya tatu kilikuwa kila mahali. Kilipanda nyuma ya masikio, pande zote mbili za shingo, chini ya taya, hadi kwapani.

"Sasa mtazame mama."

Video ya Mama Cherehani ilisimamishwa. Hapakuwa na kijani shingoni mwake. Palikuwa na rangi ya majivu, kama ngozi ya mtu aliyetoka kubeba saruji, na majivu hayo yalikuwa nyuma ya masikio, pande zote mbili za shingo na chini ya taya.

"Programu ya kuhariri inaweza kuufuta huo ukijani," alisema Inspekta, "lakini ukiukamua sana unaondoka na uhai wa ngozi. Panapoonekana majivu, ndipo kijani kilipokuwa. Linganisha mwenyewe."

Koplo alilinganisha. Ilikuwa sawa na picha ya tatu.

"Na hereni. Za mtu aliyekaa zinaning'inia kuelekea wapi?"

"Begani."

"Za huyu?"

Koplo aliinama karibu na kioo cha simu. Hereni za Mama Cherehani zilikuwa zimelalia nyuma, kuelekea kisogoni. Aligusa kamba ya filimbi yake mwenyewe, ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa imemwangukia nyuma ya shingo, na hapo mzaha ukamtoka wote.

"Alikuwa amelala chali," alisema. "Wakaigeuza picha aonekane amekaa."

"Na kwa nini umlaze mtu chini ili umpige picha ya kukaa?"

"Kwa sababu hawezi kukaa."

"Vaa kofia," alisema Inspekta, akashuka mezani kutafuta viatu vyake.

Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa mwenyewe, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa mwanamke mwenye adabu. Aliwakaribisha, akawafutia viti, akauliza kama mama ameonekana, na alipoambiwa bado, akavuta pumzi ya masikitiko ya kiasi kinachofaa. Jikoni redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu mno.

"Punguza kidogo," alisema Inspekta.

"Kitufe kimeharibika, Afande. Ni hivyo au kuzima."

"Zima basi."

"Nikizima haiwaki tena," alisema dada mkubwa, akatabasamu.

Inspekta hakusisitiza. Aliomba kuiona studio.

Ilikuwa chumba cha kulala ambacho kitanda kimesimamishwa ukutani ili kupisha kazi. Kitambaa cha kijani kilifunika ukuta mzima, kimevutwa kwa vibanio vya nguo mpaka hakina kunyanzi, na bado kilikuwa na unyevu kwenye pindo. Taa mbili zilifunikwa shuka jeupe, ya tatu ilibandikwa karatasi ya zambarau. Inspekta alipita karibu na moja, akaigusa kwa nyuma ya kidole. Ilikuwa ya moto. Juu, kwenye boriti ya dari, palikuwa na matundu mawili mapya ya skrubu, kama ya kutundikia kamera, na juu ya spika iliyokuwa chini yake kulikuwa na unga mweupe ambao hakuna aliyekumbuka kuupangusa. Mezani kulikuwa na kopo la poda, wazi.

"Una kazi leo, Direkta?"

"Nilikuwa najaribu taa tu, Afande." Direkta alikuwa mtu mwembamba, ndevu amezichonga kwa rula, na alisimama mbele ya vifaa vyake kama baba wa bwana harusi.

"Mimi mambo haya siyajui. Nieleze. Unafanyaje kijani kisimrukie mtu?"

Hakuna njia rahisi zaidi ya kumfungua mtu wa aina ile. Direkta alieleza kwa mikono miwili. Kitambaa kiwe na taa zake na mtu awe na zake. Mtu asogezwe mbele, mbali na kitambaa, kadiri chumba kinavyoruhusu. Taa ya zambarau imulike kutoka nyuma, maana zambarau hukiua kijani kwenye nywele. Mtu asivae kinachong'aa. Ngozi yenye mafuta ipakwe poda, kwa kuwa kila kinachong'aa hubeba rangi ya kilicho jirani.

"Chumba chenyewe ndicho hiki," alisema. "Adui yangu ni nafasi. Wenye kumbi kubwa hawajui taabu."

Inspekta aliitoa simu yake, akaiweka mezani, akaiwasha video. Sauti ya Mama Cherehani ikasema yuko salama.

"Hiyo ilitoka kwa mama mwenyewe," Direkta alisema haraka. "Sijui nani alimpigia."

"Nilijua si wewe."

"Eh?"

"Nilimwambia Koplo njiani, huyu bwana tusimsumbue, hii si kazi yake. Hii ni kazi ya mtu anayejifunza." Alimsogezea simu. "Tazama hizi nywele, kama zimegugunwa na panya. Tazama shingo. Mama wa watu amefanywa kama amefukuliwa kaburini."

"Hata mpiga picha za vitambulisho angefanya afadhali," alisema Koplo, akacheka.

Direkta alicheka pia, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Si rahisi kama mnavyodhani," alisema. "Nywele nyeupe zinanyonya kijani. Ni nyembamba, mwanga unapita katikati."

"Wewe si umesema? Unamsogeza mtu mbele. Jambo la siku ya kwanza."

"Na kama hasogei?"

Dada mkubwa alikuwa amefika mlangoni, anajifuta povu. "Afande, mume wangu ana wateja. Kama mmemaliza..."

"Kwa nini asisogee?" aliuliza Inspekta, bila kugeuka.

"Nasema kwa mfano."

"Haya, kwa mfano. Hasogei. Mtu anayejua kazi angempaka poda. Huyu hajapaka hata chembe, uso wote unang'aa. Uzembe mtupu. Ningekuwa mteja ningedai pesa zangu."

"Alipakwa!" alisema Direkta. "Kopo zima! Poda inakaa wapi kwa mtu anayelia kila ukimwambia aseme tena? Chozi ni kama kioo, Afande, linachukua kijani chote cha pembeni. Unafuta, unapaka, unamwambia sema, analia. Unafuta tena. Halafu anakilowesha kitambaa, na kitambaa kikilowa kinabadilika rangi, programu haikisomi. Mimi nimetoa picha pale ambapo hao wa kumbi kubwa wangekunja vifaa wakaenda nyumbani! Mnasema kazi ya mwanafunzi?"

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" alipiga kelele mkewe.

Lakini Direkta alikuwa ameshasikia jina lake likidharauliwa na hakuwa na sikio la kingine. Uso wake ulijaa uchungu wa kweli, wa fundi aliyeonewa.

"Ya pili ingekuwa safi," alisema. "Huyo mdogo wao anataka kuona mikono, na mikono ndiyo migumu. Inatetemeka, vidole vimekonda, kijani kinapenya katikati. Lakini nimeshajua pa kuiweka taa."

Inspekta aliichukua simu yake mezani, redio bado inapiga kelele jikoni.

"Koplo," alisema Inspekta, "kitambaa kimefuliwa, taa ni za moto na poda iko wazi. Ya pili ni ya leo. Yule mama yuko hai, na yuko humu ndani. Nenda kwenye redio."

Dada mkubwa aliwahi kufika jikoni kabla yake. Alisimama mgongo kwenye mlango wa stoo, mikono ameitandaza, akasema humo mna vyombo tu. Koplo alimwondoa kama anavyoondolewa mtoto barabarani, akaufungua.

Mama Cherehani alikuwa kwenye kipande cha godoro nyuma ya mabunda ya vitambaa vya studio. Mguu mmoja ulikuwa umepinda nje kwa namna ambayo mguu haupindi. Uso ulikuwa mweupe wa poda mpaka shingoni, tayari kwa kazi, na midomo ilikuwa imepasuka. Juu ya rafu, mbele kabisa ya macho yake, palikuwa na jagi la maji, limejaa.

Koplo alitoka nje kuita gari la wagonjwa na hakurudi upesi. Inspekta aliteremsha jagi, akapiga magoti, akamlowanisha mama midomo kwa ncha ya leso yake, kidogo kidogo.

"Kwa nini hamkumpa maji?" aliuliza.

"Akinywa anajikojolea," alisema dada mkubwa. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza habari za ndoo inayovuja. "Na kitambaa kilikuwa ndiyo kwanza kinakauka."

Inspekta aliwahi kukamata wauaji na kuwapa sigara. Huyu alimfunga pingu mikono nyuma na kuibana mpaka alipolalamika, kisha akaibana tena.

Hospitalini daktari alieleza kwa kifupi. Nyonga imevunjika, zaidi ya wiki. Kifuani kuna michubuko ya viganja viwili, upana wa mtu aliyesukuma kwa nguvu kutoka mbele. Walikuwa wakigombana kuhusu nyumba, hilo Direkta alilisema mwenyewe garini. Mkewe akasukuma, mama akaanguka bafuni, wakaogopa kwamba wauguzi watauliza. Wakaamua kungoja. Hakusema walikuwa wakingoja nini, na Inspekta hakumuuliza, kwa sababu Koplo ndiye aliyekuwa akiendesha, barabara ilikuwa na kona, na hakutaka alisikie jibu akiwa kwenye usukani. Jambo moja lilikuwa wazi. Kama kitindamimba asingedai kuonyeshwa mikono, wasingekuwa na haja ya kumwacha mama yake hai.

Kitindamimba alikuja mbio, chupa ya supu imefungwa kwa kanga, akamwangukia mama yake miguuni kitandani, akalilia lile shuka. Mama Cherehani alimtazama. Walikuwa wamemwosha poda na kumtundikia dripu.

"Mama, ni mimi. Umepatikana. Umepatikana, mama yangu."

Inspekta alivuta kiti.

"Mama, nataka maneno yako machache tu. Nani alikusukuma?"

"Niliteleza," alisema Mama Cherehani. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini haikuyumba.

"Kifua nacho kiliteleza?"

"Niliteleza, mwanangu. Bafu lina utelezi. Hospitali nilikataa mwenyewe. Video nilitaka mwenyewe."

"Mama, walikunyima maji!" alisema kitindamimba.

"Wewe." Mama aligeuza kichwa taratibu. "Ni wewe uliyepeleka polisi nyumbani kwangu?"

"Nilikuwa nakutafuta."

"Umemfunga dada yako. Majirani wamesimama wanatazama, mtoto wangu anatolewa na pingu. Ni wewe."

Inspekta hakuwa na muda wa hayo. Kesi haikuhitaji sana maneno ya mama, kwa kuwa kadi ya kamera ya Direkta ilikuwa mfukoni mwake na humo mlikuwa na picha zote kabla hazijasafishwa. Lakini alitaka jina litoke mdomoni mwa aliyesukumwa. Alichomeka kadi kwenye kompyuta ndogo, akaigeuza ielekee kitandani, akabonyeza. Hakumwonya mtu.

Mama Cherehani akajiona amelala juu ya kijani, kijani kimempanda usoni mpaka anaonekana kama mtu aliyetolewa majini. Akajiona analia. Mkono wa mwanamke ukaingia kwenye picha, ukamfuta kwa nguvu, ukampaka poda, ukatoka. "Sema tena, mama," ilisema sauti ya dada mkubwa, na baada ya muda, "Tena." Kitindamimba aligeukia ukuta na kuziba masikio.

"Sauti hiyo ni ya nani?" aliuliza Inspekta.

Mama alisikiliza, kichwa amekiinamisha kidogo. Kwenye video dada mkubwa akasema tena, tena. Machozi yalianza kumtoka mama, yakapita kwenye mikunjo ya mashavu.

"Imekauka," alisema. "Sauti yake imekauka. Alikuwa hajala. Tangu utotoni akishinda na njaa sauti inamwisha." Akamshika Inspekta kiganja. "Huko mlikompeleka, mwanangu, amepewa chakula?"

"Atapewa."

"Mnawapa nini? Yeye tumbo lake halipokei maharage."

Inspekta aliizima kompyuta.

"Hicho ulicholeta ni nini?" mama alimuuliza binti yake aliyekuwa bado amegeukia ukuta.

"Supu," alisema kitindamimba. "Nimekupikia supu, Mama."

"Mpelekee dada yako."

"Mama..."

"Mpelekee, ale yote, umwombe radhi. Akikusamehe ndipo urudi hapa. Asipokusamehe, usirudi."

Akafumba macho. Dripu iliendelea kudondoka. Inspekta alisimama, akamsogelea kitindamimba, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba si lazima aende, hakuna sheria inayomlazimisha, na kwamba mama yake amechanganyikiwa kwa maumivu na kesho atasema mengine.

"Hajachanganyikiwa," alisema kitindamimba. "Ndivyo alivyo kwa dada siku zote."

Aliifunga upya kanga kwenye chupa, akaikaza fundo, akajifuta uso kwa mkono. Kisha akauliza mahabusu ya wanawake iko upande gani, na kama wanaruhusu kijiko.